Jiko moja, mfuko mmoja: maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Vijana wamechoka kupanga chumba kimoja kimoja na sasa wanataka kukaa pamoja, kulima pamoja na kula chungu kimoja. Zinazofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaondoa.

Shikamooni. Tuko wanane, wasichana watatu na wavulana watano, wote tumemaliza chuo. Tunapanga vyumba huku Sakina na Ngulelo. Tumekubaliana tununue ekari mbili, tujenge, tuwe na mfuko mmoja, kila anachopata mtu kiingie humo. Tumeshafikisha milioni sita. Tuanzie wapi?
*Wanane, Arusha*

Marahaba, wadogo zetu. Hizo milioni sita ziacheni benki zitulie. Kosa kubwa la vikundi vya namna hii ni kununua shamba kabla watu hawajajua nani kati yao anakopa bila kurudisha, nani anaamka saa nne na nani hali maharage.

Pangeni nyumba moja yenye vyumba vya kutosha na uani pa kupanda mchicha, mkae humo mwaka mzima. Miezi miwili haitoshi, hiyo bado ni fungate. Mwaka una masika, una Januari ya ada za wadogo zenu, una mtu kuugua, una mtu kuachishwa kazi, tena una Desemba. Kwa mikoa yetu hii Desemba peke yake ni mtihani: nusu ya nyumba inapanda Rombo, Machame na Marangu kula sikukuu. Nani anabaki na kuku?

Mfuko una ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kodi na chakula tu, kila mtu anatoa kiasi kilekile. Ya pili ni ya asilimia: kila mtu anatoa, tuseme, 40 katika kila 100 anayopata, hivyo mwenye kipato kikubwa anabeba zaidi. Ya tatu ndiyo mnayoitamani, kila shilingi inaingia. Kaeni kwenye ya kwanza miezi mitatu, nendeni ya pili, na ya tatu msiiguse kabla mwaka haujaisha. Mfuko wa shilingi zote huvunjika kwa fedha za nyumbani. Mmoja mama yake anaumwa, mwingine anamlipia mdogo wake ada, wa tatu hana wa kumtumia, basi anaanza kuhesabu za wenzake. Kwa hiyo tengeni mafungu mawili kabla ya matumizi mengine yote: posho binafsi, sawa kwa kila mtu na isiyoulizwa imekwenda wapi, na fungu la wazazi lenye kikomo kilichoandikwa. Anayetaka kutuma zaidi ya kikomo atumie posho yake.

Chakula kipimeni, msikadirie. Kwa mlo mmoja mtu mzima anakula kama gramu 250 za unga wa ugali, au gramu 180 hivi za mchele. Maharage makavu gramu 90 kwa siku, mafuta mililita 30. Mkila ugali mara moja na wali mara moja kila siku, wanane mtahitaji kwa mwezi kilo 60 za unga, kilo 43 za mchele, kilo 22 za maharage na lita 7 za mafuta. Mkisaga dona, gunia la kilo 100 linawapa unga karibu wote. Mkikoboa mbaki na sembe, mtapata kilo 70 hadi 75, pumba mpe jirani mwenye ng'ombe. Maharage yalowekeni usiku kucha, vinginevyo mtungi wa gesi wa kilo 15 hautaona mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo mtajua hata ekari mnazozitaka zina maana gani. Kilo 60 kwa mwezi ni kilo 720 kwa mwaka, yaani gunia 8 ukiweka na za kupotea kwa wadudu. Ekari moja ya mahindi ya mvua, kwa mikono migeni, msitegemee zaidi ya hizo gunia 8. Katika ekari zenu mbili, moja nzima ni ugali tu.

Akaunti iwe na watia sahihi watatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili kati yao. Fedha za kikundi zisikae kwenye laini ya simu ya mtu, hata awe mlokole namna gani.

Kuna chalii mmoja kwetu haoshi vyombo, hapiki, hafagii. Ukimwambia anasema yeye ndiye anayeleta hela nyingi. Tunamfanyaje?
*Tumechoka, Kaloleni*

Mmeanza na mtu, anzeni na daftari. Pigeni hesabu ya kazi zote za nyumba kwa saa. Kwa watu wanane, kupika milo yote huchukua saa 3 kwa siku, vyombo saa moja na nusu, sokoni nusu saa. Hiyo ni saa 5 kwa siku, saa 35 kwa wiki. Ongeza usafi wa choo na uwanja saa 8, mahesabu na vikao saa 5. Jumla 48, kila mmoja anadaiwa saa 6 kwa wiki. Ikibandikwa ukutani, ugomvi hupoa ghafla, kwa kuwa saa 6 si nyingi na kila mtu anaona nani ameandika 2.

Wenye uzoefu mrefu wa jambo hili ni watu wa Twin Oaks, kule Virginia, Marekani, ambao wameishi kwa mfuko mmoja tangu 1967. Kila mtu ana idadi ya saa za kazi kwa wiki, na saa ya kupika au kulea watoto inahesabiwa sawa na saa ya kiwandani. Miaka ya mwanzo walijaribu kuzipa kazi zisizopendwa alama nyingi zaidi, baadaye wakaacha, wakabaki na saa moja kwa alama moja. Sisi pia tunashauri hivyo. Mkianza kubishana kama choo ni sawa na saa moja na robo ya kupika, mtakesha.

Huyo chalii wenu apewe njia mbili: afanye saa zake, au azinunue kwa bei mliyokubaliana wote, na asiruhusiwe kununua zaidi ya nusu. Mkimruhusu kununua zote mmeshaajiri watumishi, na watumishi ni nyie.

Baba amenipa sehemu ya kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa), robo tatu ya ekari hivi, huku Kibosho. Nataka nikaribishe wenzangu watano tujenge na tulime pamoja. Baba hana neno. Je, nitumie karatasi gani?
*Kijana wa Kibosho*

Baba yako hana neno, lakini baba zako wadogo? Kihamba ni cha ukoo hata kama kinaitwa cha mtu. Kuna makaburi ya babu, kuna migomba iliyopandwa na bibi. Siku baba hayupo, hao baba wadogo na mashangazi watauliza hao watano ni nani, na wakati huo mtakuwa mmeshamwaga zege. Kwanza kaa kikao cha ukoo, kiandikwe muhtasari, wakubwa watie sahihi, na balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji washuhudie. Mama yako pia atie sahihi, kwani ardhi ya familia haitolewi bila mwenzi wa ndoa kuridhia.

Halafu, mdogo wetu, tukuambie ukweli: kihamba kipe wenzako haki ya kutumia tu, usiwape umiliki. Andikianeni mkataba wa miaka, tuseme 10, unaosema nani amejenga nini kwa gharama gani na atalipwa vipi akiondoka. Majengo ya kudumu jengeni kidogo. Kwa kilimo, robo tatu ya ekari ya migomba na kahawa haiwezi kulisha watu sita, kwa hiyo tafuteni shamba la tambarare la kukodi kwa mahindi, kama wazee wa mlimani walivyofanya siku zote.

Wengi wameuliza pia ardhi ya kununua iandikwe jina la nani, hivyo tujibu hapa hapa. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake. Ndiyo maana watu huandika jina la mwenyekiti "kwa niaba ya wenzake", na hapo ndipo wanapokwama: mwenyekiti akifariki shamba linaingia kwenye mirathi yake, akioa mke ana haki zake, akikopa linakwenda dhamana. Njia zenye nguvu ni hizi. Mnaweza kuandikwa wote kama wamiliki wa hisa, ila hisa ya kila mmoja itarithiwa na watu wake, ambao hamkuwachagua. Mnaweza kusajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), kampuni ikamiliki ardhi na nyie mkamiliki kampuni. Mnaweza kusajili chama cha ushirika chini ya Sheria ya Ushirika ya 2013, kupitia afisa ushirika wa wilaya. Au mkasajili wadhamini RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), ardhi ikakaa chini ya bodi ya wadhamini. Kwa watu wasiozidi kumi tunapendelea kampuni, maana hisa ni rahisi kuhesabu mtu anapotoka. Wadhamini wanafaa kama mmekata shauri kwamba ardhi haitagawanywa kamwe. Ushirika una nguvu pale mnapouza mazao, na Moshi hamkosi wa kumuuliza: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilisajiliwa 1933, na chuo kikuu cha ushirika kipo hapo hapo mjini.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Mgeni hauziwi na mtu mmoja chini ya mwembe. Ombi linapita halmashauri ya kijiji, na mkikubaliwa mwombe hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo inaweza kubeba majina ya zaidi ya mtu mmoja. Kama mna mwenzenu asiye raia, jina lake lisiwemo: asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya sheria yake.

Kujiandikisha kikundi halmashauri kuna faida?
*Msomaji, Himo*

Ipo. Afisa maendeleo ya jamii atawapa cheti mkimpelekea katiba, muhtasari na orodha ya wanachama. Kwa cheti mnafungua akaunti, na mnaweza kuomba mkopo usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa mradi, msiununulie kiwanja.

Tumepata ekari moja Maji ya Chai kwa bei nzuri, ina kisima. Mwenye shamba anasema maji hayakauki. Tununue?
*Dada wa Usa River*

Dada, uliza kwanza kilichomo kwenye hayo maji. Sehemu kubwa ya ukanda wa chini ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, ndiyo maana kituo cha serikali cha kuiondoa kimewekwa Ngurdoto, jirani yenu kabisa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chota sampuli kwenye chupa safi ya plastiki (ya kioo haifai, floraidi hushikana na kioo), suuza mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, jaza, andika tarehe, peleka maabara ya maji. Pima kisima hichohicho, usipime cha jirani, kwa kuwa mita mia mbili tu zinatosha kubadilisha jibu.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Nyie watu wazima meno yenu yameshaota na hayatageuka kahawia, ila mkikunywa miaka mingi mifupa na viungo vinapata tabu. Watoto ndio wenye hatari ya meno, kwani hubadilika wakati yanaumbwa, chini ya miaka 8 hivi. Kama mnafikiria kulea hapo, jambo hili ni zito kuliko bei.

Lakini kiwanja chenye floraidi si cha kukimbia moja kwa moja. Maji ya kisima yafulie, yaoshee, na ya kunywa na kupikia yatoke kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 12 lina mita 96 za mraba. Masika ikileta milimita 400, mkitoa asilimia 20 za kupotea, mnapata karibu lita 30,700. Watu wanane kwa lita 8 kila mmoja za kunywa na kupika ni lita 64 kwa siku. Tangi la lita 10,000 likijaa mwisho wa Mei linawafikisha mwisho wa Oktoba, vuli inapobisha hodi. Mvua ya kwanza ya msimu imwageni, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na gharama ya tangi na mifereji itoeni kwenye bei ya shamba mnapopatana.

Jambo dogo la mwisho: mkakague njia ya kuingilia mwezi wa Aprili. Udongo mweusi wa huko pikipiki inazama hadi ekseli.

Mzee wetu anatucheka, anasema hayo mambo ni ujamaa na yalishashindwa. Tumjibuje?
*Vijana wa Majengo, Moshi*

Msimjibu kwa ubishi, maana ameona kwa macho. Azimio lilitangazwa Februari 1967, huko huko Arusha. Kuanzia 1973 hadi 1976 watu wa mikoa mingi walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu. Shamba la pamoja likawa la kila mtu na si la mtu yeyote: watu walifanya kazi humo kwa muda wa saa mbili tu, wakarudi kupalilia la kwao kwa nguvu zote. Hakuna aliyejua saa zake zimezaa nini. Huku mlimani wengi hawakuhamishwa, vihamba tayari vilikuwa vimebanana.

Lakini muulizeni pia habari za Litowa, Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianza huko kijiji chao wenyewe, kwa hiari, wachache, wakikata maamuzi kikaoni. Vikaongezeka vijiji vingine, vikaungana kuwa Ruvuma Development Association, wakawa na shule yao na mashine yao ya kusaga. Umoja huo ulipigwa marufuku na chama mwaka 1969. Ulikuwa unafanya kazi. Wakubwa hawakupenda kijiji kinachojiamulia. Na tangu zamani wazee wa Kilimanjaro walichimba na kuzibua mifongo, yaani mifereji ya maji, kwa zamu, na asiyefika alitozwa au alikosa maji. Zamu, faini, maji: hayo matatu yalikuwa wazi. Nyie mnayo daftari la namna hiyo?

Nimeona mtandaoni jamii moja inakaribisha vijana "wanaotafuta maisha safi". Wanataka laki tano ya kiingilio, na ukifika unakabidhi simu na kitambulisho ili "utulie". Niende?
*Binti, Sanya Juu*

Usiende na laki tano, na kitambulisho chako usimpe mtu yeyote. Jamii ya kweli inakubali uje wiki mbili kama mgeni, ulipie chakula chako, ufanye kazi na uondoke bila kuulizwa. Inakuonyesha katiba na mahesabu ya mwaka jana. Mwenyekiti wa kijiji anaijua. Waliotoka wanatajwa kwa majina na unaweza kuzungumza nao. Ukikuta kiongozi mmoja ambaye hapigiwi kura, simu zinazokusanywa, ndugu wanaoitwa "watu wa dunia", au chakula kinachopunguzwa kwa sababu za kiroho, shika njia urudi. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, walifukua miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja katika msitu wa Shakahola. Nao walialikwa kwa maneno matamu.

Mwenzetu amepata ajira Dodoma, anataka milioni yake moja na laki mbili aliyochanga miaka miwili iliyopita. Hela iko kwenye banda la kuku. Hatukuandika chochote kuhusu kutoka.
*Watano wa Moshono*

Hapa ndipo vikundi vingi hufia. Mrudishieni, lakini kwa awamu: laki moja kila mwezi kwa miezi 12, kuanzia mwezi wa pili baada ya kuondoka. Andikeni leo, mtie sahihi wote sita. Kazi aliyofanya hailipwi tena, alishaila mezani.

Baada ya hapo tengenezeni kanuni kwa ajili ya anayefuata. Kiingilio kidogo kisichorudi. Mtaji unaorudi bila faida. Mtu mmoja tu kulipwa kwa wakati mmoja, wengine wapange foleni, la sivyo watatu wakitoka pamoja mtauza banda kwa bei ya mbao. Na kwa kuwa shilingi ya leo si ya mwaka kesho, mtaji uandikeni kwa magunia ya mahindi kwa bei ya sokoni ya Agosti, mavuno yakiwa yameingia. Aliyeweka thamani ya gunia 15 anarudishiwa thamani ya gunia 15 kwa bei ya Agosti ya mwaka anaotoka. Wekeni pia kanuni ya kufukuza: theluthi mbili ya kura, maonyo mawili ya maandishi, na anayejadiliwa apewe nafasi ya kusema kabla hajatolewa nje. Wachumba waandikwe kama wanachama wawili tofauti, kila mmoja na hisa yake, wakiachana hesabu ipo tayari.

Wageni je? Kwetu kila wiki kuna binamu wa mtu.
*Jikoni, Soweto, Moshi*

Siku tatu bure, kisha inachangwa kilo moja ya mchele na nusu ya maharage kwa kila siku tatu zinazofuata, na mwenyeji ndiye anayedaiwa. Kuanzia siku ya nne mgeni anaingia kwenye zamu ya vyombo. Akifika siku ya kumi na nne kikao kinakaa kumjadili, na jina lake linapelekwa kwa balozi.